Sura Zetu Hazikutosha

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la vifungo.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Ngongoti,

Salamu kwanza. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, bado unakuuma ukishinda ndani ya hizo lifti unazotengeneza? Mkeo na mwanao wazima? Sisi tupo, tunasukuma siku. Nimechoka, mdogo wangu, sitakuficha. Hata kalamu naiona nzito.

Cherehani bado inazunguka. Asubuhi nashona sare za shule, mchana nampeleka mdogo wetu Kitinda hospitali kusafishwa damu, jioni nafumua mishono niliyokosea kwa usingizi. Juzi nilimshonea mteja suruali yenye mifuko miwili upande mmoja. Alicheka, nashukuru.

Sasa habari yenyewe. Zile figo za Kitinda zimegoma kabisa. Daktari alisema atafutwe ndugu wa kumpa moja, na Mama hakusita, akaninyooshea kidole mimi. Si mimi na Kitinda tumefanana kama shilingi kwa ya pili? Ulipotajwa wewe akasema, "Huyo mwacheni na kazi yake. Hana hata pua yetu, figo ataitoa wapi?" Nasi tukacheka, tukakubali. Miezi ikapita wote wakiningoja mimi: mara presha imepanda, mara mashine ya vipimo ni mbovu.

Mwisho wakakutanisha damu yangu na yake. Ya kwake ikaikataa yangu. Nilikaa kwenye benchi la maabara nikalia kama mtu aliyefukuzwa kwao.

Mtu wa maabara akanielewesha taratibu. Vinasaba vinavyotupa sura si vile vinavyoamua figo ipokelewe, na kila mtoto huchota vyake kwa baba na kwa mama, kwa bahati tu. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kulingana, au wakapishana kabisa. Akaongeza kwamba sokwe tunashiriki naye karibu vyote, na hata na mgomba tuna vingi vya pamoja. Nikamwambia, "Basi kaupimeni mgomba, mimi nimechoka." Lakini nilimwelewa. Vitambaa viwili huwa rangi moja dukani, ukishavifua ndipo unajua vilitoka majora tofauti.

Kwa hiyo umebaki wewe, uliyekuwa ukitaniwa kwamba uliokotwa. Mama hawezi kukuandikia, aibu imemshika.

Kitinda naye alinikataza. Amekonda, miguu imevimba, ila ulimi wake uko palepale. Alisema, "Dada, nikimwomba akakataa, nitakuwa nimekosa figo na kaka pia. Bora nibaki na kaka." Nimeshindwa kumtii. Siwezi kumwangalia akiisha huku nimefunga mdomo.

Njoo upimwe, tafadhali. Ukiona huwezi kutoa, sitakulaumu. Mwili ni wako na una mtoto wa kulea. Lakini usikatae kwa simu. Njoo ukatae ukiwa umekaa kitandani kwake, umemshika mkono, ili ajue kaka bado anaye.

Msalimie mkeo, na mwanao mbusu kwa niaba yangu. Mama na Shangazi wanakusalimu sana. Mungu akufungulie njia, akulinde mpaka mlangoni kwetu.

Wako akupendaye, hata katika uchovu huu,
Dada yako