Sifa Alizomwagiwa Mkwe Wetu

Uchochoro wa Daraja la Mawe,
Shaoxing.
20 Oktoba 1996

Mpendwa mdogo wangu Peilan,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lima, wewe, shemeji na watoto. Je, kile kikohozi kimekuacha? Sisi hatujambo. Goti langu huuma mvua ikikaribia, na hapa Shaoxing mvua hukaribia kila siku, basi unaijua hali yangu.

Bibi jirani yetu kapata meno mapya. Sasa anacheka hata msibani.

Kitambaa ulichotuma kilifika. Binti yetu Ruoqing alishona gauni jekundu, akalivaa siku wakwe walipokuja kumposa. Na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Unamjua shemeji yako Baocheng. Tangu astaafu posta hasemi tena kama watu, anasema kwa misemo ya kale, na siku hizi kazama kwenye ile ya mavazi. Nikitoka bila kuchana nywele, ananiita kitambaa kisichokunjwa pindo. Asubuhi ile nilimkuta kavaa koti la sufu na jasho linamtiririka. Akaniambia, "Farasi ni tandiko, mtu ni nguo."

Nikamjibu, "Haya, bwana farasi. Leo kula, unyamaze."

Bwana Dong, baba wa kijana, aliingia na suti ya kijivu, tai ya hariri, viatu vinang'aa kama ngozi ya bata wa kuokwa. Ni mtu mzito, hacheki ovyo. Mkewe, Bi Meizhen, alikaa kimya akitafuna maharage ya viungo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mvinyo wa mchele ulipopanda kichwani. Baocheng akasimama, akainua kikombe.

"Mkwe wangu, nikikutazama naona kitu kimoja tu: mnyama ndani ya joho na kofia!"

Peilan, nusura nipaliwe. Bwana Dong aliiva uso kama figili.

"Umeniitaje?"

"Mnyama ndani ya joho! Nakusifu!"

"Mbele ya mwanangu?"

"Mbele ya dunia nzima!"

Ruoqing akaangua kilio. Ndipo Baocheng alipozinduka, akaanza kueleza mbiombio kwamba zamani za wafalme majoho ya maofisa yalitariziwa ndege na wanyama, kila mtu na cheo chake, na neno lile lilikuwa sifa tupu.

"Zamani!" Bwana Dong akafoka. "Leo anaitwa hivyo mshenzi aliyevaa vizuri! Na wewe ni nyani aliyeogeshwa akavikwa kofia! Mingyuan, inuka, twende zetu!"

Kijana hakuinuka. Alimshika Ruoqing mkono mbele yetu sote. "Baba, nisamehe. Mimi nabaki."

Baba mtu tayari alikuwa mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti la mvua.

Mara nikasikia kicheko. Bi Meizhen alikuwa kaweka vijiti vya kulia chini, anacheka mpaka machozi. "Miaka yote ya ndoa nalitafuta neno la kumwita huyu mwanamume, mwenzangu kalipata kwa kikombe kimoja! Hebu rudi ukae, Dong. Suti yenyewe nimekupigia pasi mimi."

Bwana Dong akamtazama mkewe, akamtazama mwanawe. Akakohoa. "Na mimi kwenye joho langu ningetariziwa nini?"

"Korongo!" Baocheng akadakia. "Cheo cha kwanza!"

Bwana Dong akafikiri kidogo, akavua koti, akakaa. "Korongo si haba," akasema. "Nimiminie."

Basi posa imekubaliwa, na harusi ni baada ya Mwaka Mpya. Nilikuwa nimeapa Baocheng hatafungua kinywa siku hiyo, lakini kaombwa atoe hotuba, na aliyemwomba ni Bi Meizhen.

Nisalimie shemeji, na umbusu Xiaolu na mdogo wake. Mbingu ziwafunike kwa amani, na zikulete mapema tulie na tucheke pamoja.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fengxian