Majina Wanayoyataka

Akheri,
Arusha.
16 Juni, 1957.

Mpendwa dada Tabea,

Shikamoo. Habari za Tanga, na kifua chako kinaendeleaje? Sisi miili ni mizima, mvua zimekatika na kahawa inaanza kuiva.

Ulisikia nilipata kazi ya kutafsiri kwa yule daktari mama wa Kizungu mwenye maabara mjini. Alikuwa anatafiti hamu ya mwanamke kwa mumewe, kama inapanda na kushuka kufuata siku za mwezi, na kama damu inaonyesha hivyo. Wanawake wa huku walitolewa damu, kisha wakaulizwa mambo ya chumbani, nami nikageuza Kimeru kuwa Kiswahili. Mwanzoni niliona haya mpaka jasho likanitoka. Baadaye tulizoea, hata tukacheka. Mmoja alilia, akasema hajawahi kuulizwa na mtu yeyote kama anapenda au hapendi.

Wote niliwaahidi kwamba maneno yao hayatatoka mle ndani.

Sasa daktari amerudi kwao Uingereza, maabara imefungwa, na wazee wa kanisa wamenigeukia mimi. Wamesikia kuna wake waliosema hawawataki waume zao. Mkubwa wa wazee hao ni baba mkwe wangu, Mzee Sumari. Aliniita mbele yao.

"Mama Elinaza, waliosema hayo ni nani?"

"Baba, niliahidi."

"Ulimwahidi nani? Mzungu ameshaondoka."

"Niliwaahidi wao, Baba."

Wamenitenga na Meza ya Bwana. Mume wangu Sifael hanipigi, ila kila siku ananibembeleza: "Taja hata wawili tu, tupumue." Nikiwataja, dada, watapigwa na kurudishwa kwao. Kwa kuwa sisemi, nimekatazwa kwenda popote ila shambani na kanisani. Nimeomba ruhusa ya kuja kwako, nimenyimwa.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Mmoja wa wale wanawake, hata wewe sikutajii, alipita karibu, akamvuta mwanawe asinishike mkono. Akionekana ananisalimia, atajulikana. Nilimwelewa, lakini nililia njia nzima.

Barua hii nimempa Eunike, anayesafiri kuja huko, akuletee mkononi. Ukijibu, andika habari za afya na watoto tu, usiniulize lolote. Barua zangu siku hizi anazifungua Baba Mkwe.

Wasalimie sana shemeji Solomoni na Anyesi. Mungu awalinde nyumbani mwenu, na mimi mnikumbuke katika sala.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Magdalena