Mkanda wa Gari la Miraji

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Mume wangu amekuwa fundi magari. Amekuwa leo, baada ya chai. Miezi minane tangu kiwanda cha mbao kiuzwe na yeye na wenzake kupunguzwa kazini, kazi yake ilikuwa kulala mkekani, upande huu, kisha upande ule. Sasa Ridhiwani anataka teksi! Ikwiriri–Kibiti, abiria wanne, watano wakibanana. Gari lipo, la Miraji, mtoto wa shangazi yangu. Pesa nazo zipo — zinaning'inia juu ya mikorosho niliyoachiwa na mama. Huseni, mnunuzi wa korosho, yuko tayari kulichukua shamba lote. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nimesonga ugali.

Jumatano, 7 Oktoba
Redio yangu imeuawa. Badru, aliyekuwa dereva wa lori kiwandani, kamwandikia Ridhiwani karatasi ya mambo ya kukagua. Jambo la nne: pitisha sumaku kwenye bodi, isiponata, ujue bati liliozea hapo wakajaza pati ya kuzibia. Na sumaku inapatikana wapi? Ndani ya spika ya redio yangu mimi, Mwanasiti! Taarifa ya habari nitasomewa na Badru.

Ijumaa, 9 Oktoba
Baada ya swala Miraji kalileta. Kigari chekundu, kinang'aa, milango miwili ubavuni na mmoja matakoni, unaofunguka juu kama kiboko anayepiga mwayo. Nimekipenda. Haya, nimeandika.

Mtaa mzima ukaja kukagua. Ridhiwani kavaa shati lake la Sikukuu ya Idi. Kayapiga teke matairi yote manne, na la akiba. Kachovya kidole kwenye oili, kanusa, katikisa kichwa kama hakimu. Moshi kautazama mpaka kakohoa. Sumaku ikanata kila mahali. Mashallah, daktari!

Akauliza, gari lina ugonjwa gani? Miraji akanigeukia mimi. Ni binamu yangu, mtani wangu. Toka utotoni ananiita mke wake, mimi namwita mwizi wa kuku.

"Mke wangu, kwa usafi usiwe na shaka. Wakati wa mafuriko ya Elinino limelala majini siku sita. Limekoga josho la mwaka mzima! Kambale wametaga humo kwenye injini."

Watu hoi. Nikamjibu kuwa mwenye kuhitaji siku sita za maji ni yeye. Ridhiwani kacheka mpaka machozi. Wakapeana mkono. Karatasi za shamba Jumapili.

Jumamosi, 10 Oktoba
Gari limelala kwetu, eti tulizoee. Asubuhi nimekaa kiti cha mbele, peke yangu, kama mke wa mkurugenzi. Nikauvuta ule mkanda wa kifuani. Hapa kwetu hakuna anayeufunga, na karatasi ya Badru haina habari nao. Nikauvuta wote, mpaka mwisho.

Nusu ya juu, nyeusi, safi. Nusu iliyojikunja ndani — udongo! Ule wa kijivu wa mafuriko. Naujua, nimeukwangua sakafuni kwa shangazi wiki mbili nzima. Na harufu ni ile ile.

Mwongo wa maisha yote, siku moja kasema kweli, na sisi tukacheka!

Nikamfuata Ridhiwani, nikamwambia gari lilizama, tena si mzaha. Hata hakuinuka. Kauliza kama na kambale nimewaona. Wewe na binamu yako mtaniua, kasema, akaendelea kuchora neno TEKSI kwenye kipande cha ubao. Ningeweza kumburuta kwa shati aje aone. Sikumburuta. Najiona mjinga.

Jumapili, 11 Oktoba
Wamekuja. Huseni na karatasi zake, Badru shahidi, Miraji na meno yake. Nimemvuta Miraji uani. Kweli lilizama? Akaacha kucheka.

"Dada, nimesema mbele ya watu wote. Ulitaka niseme mara ngapi?"

Dada! Hajawahi kuniita dada huyu.

Nimewaambia natafuta miwani. Sina miwani. Nimejifungia chumbani, mkanda ninao mapajani, nimeukata kwa kisu cha jikoni. Sahihi ni yangu, mikorosho ni yangu, imeanza kuzaa. Ni kutoka tu, kuutupa huu mezani, na biashara imekwisha. Namlaani Miraji, namlaani Badru na karatasi yake.

Huko nje Ridhiwani analiosha gari. Anapiga mluzi. Miezi minane sijausikia mluzi wake. Wimbo wenyewe anaukosea, palepale anapoukosea siku zote.

Huseni anagonga mlango.