Moshi wa Mrina Asali

Kinyangiri, 4 Mei 1956

Baba, shikamoo. Mimi ni mzima, ila vumbi la chaki limenikausha koo. Mama hajambo? Na mizinga yako?

Hongera kwa shairi lako kuchaguliwa kusomwa mbele ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya mwenyewe, kwenye maonyesho ya Singida mwezi wa nane. Nasikia karani wake amelipokea kama sifa za asali! Nimewapa darasa la sita walichambue. Ule mstari, "Masega wajenga wao, asali si yao tena," nyuki ni sisi, sivyo? Na mrina ni serikali? Nijibu waziwazi.

Mwanao, Elina

Itigi, 19 Mei 1956

Mwanangu, marahaba. Mama yako anakusalimu, goti bado linamsumbua.

Nyuki ni nyuki. Nimehangaika msimu mzima ili Bwana Shauri apige makofi na watu wacheke moyoni, nawe unataka nikutafunie? Mwenye macho haambiwi tazama.

Baba yako, Mughwai

Kinyangiri, 2 Juni 1956

Baba, shikamoo. Mpe mama pole ya goti.

Umeniudhi. Nina watoto thelathini na wawili wanaosubiri mwalimu ajue anachosema. Basi nimechambua mwenyewe: mzinga ni nchi, asali ni jasho letu, moshi ni polisi. Jumatatu naandika ubaoni.

Mwanao, Elina

Itigi, 13 Juni 1956

Elina, marahaba. Hatujambo.

Polisi! Miaka ishirini narina asali, na mwanangu hajui moshi unatoka wapi? Mrina haji nao kutoka kwao. Anaokota mavi makavu ya ng'ombe hapahapa, anayawasha, nyuki wanalegea. Moshi ni sisi wenyewe, majumbe na makarani tunaotumwa kuwalegeza wenzetu. Futa huo upuuzi wa polisi, kisha choma barua hii.

Baba yako, Mughwai

Kinyangiri, 30 Juni 1956

Baba, shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Nilifuta polisi, nikaandika maneno yako. Mkaguzi wa shule akaingia, akanakili ubao wote. Nimesimamishwa kazi. Wanasema nimebuni uchochezi juu ya shairi safi la mzee wa nyuki. Ukikubali hivyo, baba, shairi lako litasomwa. Najichukia hata chakula hakipiti.

Mwanao, Elina

Itigi, 15 Julai 1956

Mwanangu, marahaba. Kula.

Juzi niliitwa Singida. Karani akaniwekea karatasi nitie sahihi: shairi ni la asali tu, mengine kayabuni mwalimu. Nikashika kalamu. Sikufichi, nilitamani mno kulisikia likisomwa pale uwanjani, na hasira zinaniwaka mpaka sasa, juu yako na juu ya mdomo wangu.

Nikairudisha ile karatasi. Nikasema mwalimu hakubuni kitu, alifundishwa na mtunzi. Nikaeleza kila ubeti mbele ya Bwana Shauri, na makarani wote wakaacha kupiga taipu. Shairi limeondolewa. Mimi sitoki Itigi mwaka mzima bila kibali, na wewe unarudi darasani mwanzo wa mwezi ujao, kwa onyo.

Usiwafundishe tena mashairi yangu. Wape ya mtu aliyekwisha kufa.

Baba yako, Mughwai