Jibu Moja la Darasa Zima

Iguguno

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu yako bado anakohoa, ila alizeti tumeshapura. Unaniuliza uanze kufundisha nini kwenye darasa lako la Kiingereza.

Miaka ile ya ruksa, watu binafsi walipofunguliwa milango na shule za kulipia zilipoanza mjini, wazazi wa huku nao walitaka wasikie Kiingereza. Nikawasikilizisha. Kila asubuhi niliwauliza watoto wa darasa langu hali kwa Kiingereza, nao wakajibu kwa pamoja kuwa ni wazima, mpaka barabarani wakasikika. Siku moja Mariamu alijibu na wenzake, kisha akaanguka kwa malaria. Alipozinduka nikamgombeza: kwa nini hukusema?

"Mwalimu, ulitufundisha jibu moja tu."

Wiki ileile mkaguzi alinisifu.

Anza na "naumwa". Mimi sikuifundisha.

Bibi yako