Pindo la Sketi ya Wifi

Jumapili, 4 Juni

Tumerekodi. Hatimaye. Wiki sita za kuhesabu moja mpaka nane, na leo tumesukuma cherehani zote ukutani, tukafagia vipande vya vitambaa, karakana ikawa ukumbi. Tajiri, mwenye karakana, alitupa nafasi mpaka saa nane mchana tu. Na Kamera akaja saa tano, uso mkavu, eti betri ilikuwa bado inachaji. Mdogo wangu huyu hata kwenye mazishi yake atachelewa.

Tulicheza mara nne. Ya kwanza, Mrefu aligonga taa kwa mkono. Ya pili, Bi Harusi alicheka katikati — ndoa ina miezi mitatu na bado anacheka ovyo. Ya tatu, wifi alianguka. Pale pa kuzunguka, tano-sita, chini kama mzigo, goti likachubuka. Nilimkemea kidogo: hesabu, wifi, hesabu. Halafu tukacheka wote. Na yeye alicheka, ingawa alichelewa kuanza.

Ya nne — safi. Sketi zilifunguka kama miavuli. Vipande saba kila moja, nimezishona mwenyewe baada ya kazi, pindo linagusa sakafu kama nilivyotaka. Kamera atakata, ataunganisha, na Jumamosi tunairusha kwenye ukurasa wa kikundi.

Miguu inawaka moto. Sijali.

Jumanne, 6 Juni

Naandika kwa hasira, mwandiko utaonekana.

Saa nne asubuhi Mrefu alitoka kwenye meza ya kukatia, akaja kwenye mashine yangu na simu mkononi. Akaniuliza kama nimeiona. Kuona nini?

Kamera amerusha video. Si ile ya nne. Ni sekunde kumi na moja za wifi akianguka. Mke wake wa ndoa! Ameongeza na sauti ya sufuria zikiporomoka, na juu ameandika: "Mtandao umekata ghafla." Iko kwenye ukurasa wake mwenyewe, kwa hiyo mimi siwezi kuifuta.

Watu elfu themanini. Wiki sita tumehangaika hakuna aliyetutazama. Anguko moja, dunia nzima ina macho.

Nimempigia. Hapokei. Nimempigia tena. Katikati ya kupiga nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja la shule. Tajiri aliliinua juu, akaniuliza huyo mtoto analala ubavu gani. Nimefumua. Sindano imenichoma kidole.

Kikulacho ki nguoni mwako. Leo nimeielewa.

Jumatano, 7 Juni

Nimeomba ruhusa ya saa moja, nikaenda kwa wifi kazini. Yuko mapokezi kwenye kliniki ya meno: meza nyeupe, daftari la wagonjwa, kalamu imefungwa kwa kamba isiibwe. Nilimkuta na mgonjwa, shavu limevimba kama puto, ameshika taya kwa maumivu. Na mtu huyohuyo, kwa mdomo uliobaki mzima, akamwambia: ni wewe yule wa mtandao umekata? Akacheka huku analia kwa jino.

Wifi alimuuliza jina. Akaliandika. Akamwambia aketi, daktari atamwita.

Nilipobaki naye akaniambia amesoma komenti zote. Moja inasema gunia limedondoka kwenye lori. Nyingine inauliza kama sakafu imepona. Alinisomea kwa sauti ileile ya "daktari atakuita". Afadhali angelia.

Nikamwambia, "Wifi, niachie mimi. Ile video nitaiondoa."

Akanitazama. "Wewe?"

"Mimi. Kwani nani mwingine?"

Akageukia daftari lake. Amenidharau kidogo, naona. Anadhani sitamweza mume wake. Mimi nimemfundisha huyo mume kufunga kamba za viatu.

Jioni nikampelekea Mama mashtaka. Mama anasema mume kumtania mkewe ni mapenzi, marehemu baba yetu alimtania miaka thelathini. Nikamuuliza kama alimtania mbele ya watu laki mbili. Akasema nimempandishia sauti. Sasa kosa langu.

Alhamisi, 8 Juni

Nimemfuata Kamera kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Hapo hana pa kukimbilia. Upana wa kibanda ni mikono miwili, na mlangoni nimesimama mimi.

Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, kidude cha kukuzia kimembana jichoni. Hakukitoa. Nikamwambia yote. Kwamba hana haya. Kwamba mke si kichekesho. Kwamba wifi anachekwa na watu wasio na meno.

Akasema, "Dada, nilidhani watacheka watu arobaini waliotuzoea. Sikujua itafika huku."

"Sasa imefika. Ifute."

"Nikifuta mimi, ipo kwa wengine elfu. Wameshaichukua."

"Basi turushe ile ya tatu yote, watu waone ngoma nzima, waone alivyokuwa anacheza vizuri kabla."

Hapo ndipo alipokitoa kile kidude jichoni. Akasema polepole, "Ile ya tatu iache. Nakuomba. Ukivuta huo uzi utafumua nguo yako mwenyewe."

Ananitisha! Mtoto niliyembeba mgongoni. Nikamwambia nguo yangu naijua mshono kwa mshono, na asinifundishe uzi. Nikaondoka. Nimegonga goti kwenye kiti chake cha wateja, likaniuma mpaka nyumbani, na hilo nalo nimemwandikia yeye.

Ijumaa, 9 Juni

Laki tano. Wifi hapokei simu. Hasira imenishibisha, sijala.

Jumapili, 11 Juni

Mazoezi bila wifi. Alituma ujumbe kwa Mrefu, si kwangu: goti bado. Ile ya nne haikurushwa jana, Kamera hajaikata, na mimi simwombi.

Tumesukuma cherehani. Nafasi yake ipo pale katikati, wazi kama jino lililong'olewa. Nikasema tuicheze hivyohivyo.

Bi Harusi akainua mkono kama mwanafunzi. Akasema — kwa nia njema, ndiyo mbaya zaidi — kwamba kwa kuwa watu wanapenda lile anguko, kwa nini tusiliweke kwenye ngoma? Kila mmoja aanguke kwa zamu. Tutajulikana.

Sikumbuki nilichosema. Mrefu ananiambia nilisema aende akaanguke kwa mumewe. Bi Harusi amebeba mkoba wake ameondoka analia. Tumebaki wawili. Kikundi cha watu wawili si kikundi, ni ugomvi unaosubiri.

Yote haya kwa sababu ya mtu mmoja na simu yake. Nimekaa kwenye benchi nimeapa: nitaipata ile video ya tatu, kwa heri au kwa shari. Nitamsafisha wifi mimi.

Jumanne, 13 Juni

Wifi amekuja mwenyewe. Saa sita na nusu, mapumziko yake, na sare ya kliniki mwilini. Anachechemea bado. Hakuketi. Akatoa fleshi mfukoni akaiweka juu ya mashine yangu, kwenye sahani ya pini.

"Nimezitoa kwenye kompyuta ya mdogo wako. Zimo zote nne. Tazama ya tatu."

Nikamwambia Mungu ambariki, ndiyo niliyokuwa naitafuta, sasa watu wataona. Akasema, "Itazame kwanza," akaenda zake.

Tajiri alikuwa ametoka. Nikaingia ofisini kwake, kwenye ile kompyuta ya kuandikia vipimo vya wateja, nikachomeka.

Nitaandika nilichoona, nikiacha leo sitaandika tena.

Sekunde ya thelathini na sita, tuko sawa. Wifi yuko mbele yangu, mimi nyuma yake kushoto. Picha inakua: Kamera anatusogelea na simu. Ngoma hii nimeitunga mimi: nyuma tunasubiri mpaka sita, ndipo tunatoka. Sekunde ya thelathini na nane, hesabu ya tano, mtu mmoja anatoka kabla. Anamwona Kamera anakaribia, anataka kuonekana, anaingiza bega. Mguu wake wa kushoto unatua juu ya pindo la wifi. Wifi anazunguka. Sketi haizunguki naye.

Nikasema ni kivuli. Nikarudisha nyuma, nikapunguza mwendo. Kivuli hakivai viatu vyekundu kama vyangu.

Na haijaisha hapo. Wifi yuko chini, ameshika goti, na sauti yangu inasikika wazi, kali, ya mwalimu: "Wifi, nimekwambia mara ngapi, hesabu!" Nikisema hivyo, kisigino changu bado kiko juu ya pindo lake. Ananyanyua uso kuniangalia. Anaangalia kiatu. Ananiangalia tena. Kisha wote wanacheka, na yeye anacheka, wa mwisho.

Nimetazama mara kumi na nne. Tajiri aliporudi akanikuta, akaniuliza nimepata vipimo. Nikasema nimepata.

Jumatano, 14 Juni

Nimerudi kibandani. Kamera aliponiona akajua. 

Ile yake ya sekunde kumi na moja ameibana pembeni, picha inaishia begani kwa wifi. Nilidhani ni ubovu wa kazi. Kumbe alikuwa ananikata mimi.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Ilikuwa inachekesha, dada. Nikataka kuiweka. Nikaona mguu wako. Nikasema akiuona mwenyewe…" Akatafuta neno. "Mke wangu atanisamehe. Wewe ungeninunia mwaka mzima."

"Kwa hiyo ukamtoa yeye kafara."

"Nilichagua. Nilichagua vibaya, haya. Lakini nilikuchagua wewe."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshukuru. Nimemkasirikia kwa vyote viwili. Nikamwambia ni mpumbavu, akasema anajua, tangu juzi anakula peke yake na sahani anaosha mwenyewe.

Nikiwa njiani narudi nilijiuliza swali moja tu, na hapa hakuna wa kumdanganya: je, nilihisi? Siku ile, chini ya kisigino. Nilihisi kitu laini. Nikajiambia nimekanyaga mkeka.

Karakana ile ni saruji tupu. Haijawahi kuwa na mkeka.

Ijumaa, 16 Juni

Saa moja na nusu asubuhi, ofisini kwa Tajiri. Hajafika. Wifi yuko nje ya mlango huu, ameketi kwenye kiti cha Mrefu, amevaa sare. Saa tatu anatakiwa kliniki.

Amekuja kabla sijafungua madirisha. Akauliza, "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi."

Nikaanza kuomba radhi, maneno mengi, yote mazuri, nilikuwa nimeyapanga tangu jana. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema radhi ya chumbani haimsaidii, yeye ameanguka hadharani.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ileile. Angeivuta sketi tu, wote wangeona. Siku kumi namtetea kama kichaa, nampigania kwa mume, kwa mama mkwe, nimevunja kikundi, na yeye kimya!

"Ningesema, ungeniamini?" akasema. "Wewe ndiye mwalimu. Ungesema nimekosa hesabu. Ulishasema. Nilikuwa bado niko chini."

Ni kweli, nilisema. Na ndiyo hasira yangu ya leo, niiandike ilivyo: nimemkasirikia yeye. Ameketi wiki mbili anangoja nijione, ananitazama nikimwaga moto kwa watu wote. "Wewe?" aliniambia mapokezi. Sasa ndiyo naisikia.

Anataka jambo moja. Ya tatu, nzima, pamoja na sauti. Niirushe kwenye ukurasa wa kikundi, mimi, na maelezo niandike mimi. Nisisaidiwe kuandika na Kamera. Nikasema na sauti pia? Akasema sauti hasa.

Video iko tayari. Kinachokosekana ni maelezo. Nimeandika: "Anguko hili halikuwa kosa la aliyeanguka." Nimefuta, inaonekana kama methali, haina mtu. Nimeandika: "Kwa bahati mbaya nilimkanyaga wifi yangu pindo, kisha nikamlaumu." Nikaisoma. Nikafuta "kwa bahati mbaya".

Bila hiyo, sentensi imebaki fupi mno. Mtu yeyote anaweza kuisoma, mwenye jino na asiye nalo.

Wifi anauliza kutoka kule kama tayari. Nimemjibu bado kidogo. Kasema hana haraka, ana saa nzima.

Nimerudisha "kwa bahati mbaya".

Nasikia kiti kinasogezwa. Anakuja kusoma.