Kabla ya Yote, Mama Yako ni Mzima

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mama yako,
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa Dada,

Kabla ya yote: mama yako ni mzima wa afya, hana hata mchubuko, na sasa hivi yuko sebuleni anabishana na mtangazaji wa taarifa ya habari. Kwa nini nimeanza na hilo, utajua mwishoni.

Wewe hujambo lakini? Kile kifua kimepona? Shemeji je? Na yule mdogo, meno yameota au bado anatuchekea kwa fizi? Sisi huku hatujambo, ila dari ya jikoni ndiyo inaumwa kidogo.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni kazi gani hasa, kwa kuwa Baba amekwambia mimi ni mhandisi. Usimsahihishe, atavunjika moyo. Mimi huandika vile vijitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya boksi la pasi au feni, ambavyo wewe huvikunja na kuviweka chini ya mguu wa meza inayocheza. Usikatae, cha friji yako nilikiona pale kwa macho yangu.

Nilidhani ni kazi ya kujilia mshahara tu. Kumbe wapi! Mkuu wetu tunamwita Bi Mkasi, kwa jinsi anavyokata sentensi. Kijitabu changu cha kwanza, cha pasi, kilianza na aya nzima ya kumsifu mnunuzi kwa hekima yake. Bi Mkasi akaniuliza, "Huyu mtu anataka kunyoosha shati au anachumbiwa?" Ikaondoka aya yote. Cha pili, cha feni, kilirudishwa bila hata maneno. Kisha akaniambia waziwazi kwamba katika majaribio yangu nimebakiwa na kimoja, cha blenda, na kikianguka nitaanguka nacho.

Dada! Nilijiona narudi kwa Baba na begi langu, majirani wamejipanga mlangoni kumpokea mhandisi.

Sasa sikiliza utaratibu wa ofisini kwetu. Kijitabu hakipimwi kwa macho tu. Anatafutwa mtu asiyeijua mashine, anapewa mashine na kijitabu, na mwandishi anakaa kwenye kona akitazama. Sharti ni moja: mwandishi hasemi. Hasemi, haoneshi kwa kidole, wala hakohoi kikohozi cha maana. Bi Mkasi anasema mnunuzi hanunui blenda pamoja na mwandishi wake. Hebu fikiria, mimi, ambaye ukoo mzima mnaniita Redio!

Nikaona nijipime nyumbani kwanza, nikamwomba Shangazi, yaani mama yako. Unamjua. Alistaafu kazi ya kupiga chapa zamani, lakini mpaka leo husoma kwa rula. Anaiweka chini ya mstari, anatekeleza mstari, ndipo anaisogeza. Mstari wa chini kwake ni habari ya kesho.

Tulianza vizuri. Maembe yakamenywa, jagi likakaa sawa, maji yakamiminwa, na mimi kichwa kikaanza kuvimba. Halafu rula ikafika namba tano, nilipoandika: "Bonyeza kitufe cha kijani." Namba sita, iliyolala chini ya rula, ilisema: "Kabla ya kubonyeza, hakikisha mfuniko umefungwa."

Mfuniko ulikuwa mezani, karibu na kiwiko changu. Niliuona. Ulimi ulinipanda mpaka kwenye meno. Lakini sharti ni sharti, nikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na huu ulikuwa mshindo wa embe.

Dari, pazia, saa ya ukutani, kilemba cha mama yako. Hakupiga kelele. Alizima mashine bila kuelekezwa na mtu, akajifuta jicho moja, akasogeza rula, akasoma namba sita kwa sauti. Ndipo akanigeukia.

"Huo mfuniko uliuona?"

"Niliuona, Shangazi."

"Na ukanyamaza?"

"Ndiyo utaratibu wa kazi, Shangazi."

Kilichofuata ni kandambili, na kuhusu hilo nitaendelea kunyamaza.

Hasira zilipopoa alinikalisha mezani, akanikabidhi rula. Akaniambia nisome kama yeye, mstari mmoja mmoja, nisijifanye najua kinachokuja. Niliona aibu. Kila mahali onyo langu lilikuja baada ya madhara, kama mtu anayekwambia uangalie shimo nawe umeshatumbukia. Nikaandika upya kijitabu kizima, huku yeye akisugua saa na kunung'unika.

Alhamisi ikawa siku yenyewe. Bi Mkasi alimleta fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kugusa blenda. Nikakaa kwenye kona na leso mdomoni. Yule bwana akasoma, akamenya, akafunga mfuniko, akabonyeza. Juisi ikakaa ndani ya jagi kama ilivyoumbwa. Akanywa, akaomba glasi nyingine. Bi Mkasi akaniambia nitoe leso, kisha akanipa mkataba nisaini. Nimeajiriwa, Dada! Nilijifungia chooni nikalia, sikufichi.

Nisalimie sana Shemeji na wanao. Baba anakusalimu, na anasema mhandisi wake amepandishwa cheo.

Sasa lile neno la mwanzo. Barua hii niliiandika mara ya kwanza jana, ikaanza hivi: "Dada, embe limelipuka usoni mwa mama yako." Uzima wake niliuweka ukurasa wa pili, ili inoge. Shangazi akaomba aione. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akausoma, na rula hakuisogeza tena. Akasema, "Mwanangu yuko mbali, na moyo wake unaujua. Akifika hapa ataanza kulia, huko chini hatafika. Mfungie mfuniko kwanza."

Mungu awafunike na ninyi huko mliko.

Wako akupendaye,
Redio